Sisi wa Atlanta Braves tuliuziwa mbuzi kwenye gunia kwa huyu mchezaji wa besiboli Kelenic, halafu bado kuna watu wanatetea!

Naona mmerudi tena na ile hadithi yenu ya "Jarred Kelenic hakupewa muda". Hivi muda gani tena mnataka jamani??

Tuanze mwanzo maana kuna watu humu wanaongea kama wameanza kuangalia besiboli juzi. Huyu kijana New York Mets walimchagua namba 6 kwenye drafti (timu zinapochagua vijana wapya) ya 2018 akitokea sekondari kule Wisconsin, mwaka haujaisha wakampeleka Seattle kwenye ule mchongo wa kuwachukua Robinson Canó na Edwin Díaz. Mashabiki wa Mets walimtukana meneja wao mpaka basi, eti kagawa nyota wa miaka 15 ijayo. Haya, nyota akapanda ligi kuu Mei 2021 Seattle nzima inamsubiri, akaanza kupiga hewa, hewa, hewa, mpaka ikafika mara 39 mfululizo bila hiti hata moja, wakamrudisha Tacoma, timu yao ya ligi ya chini, akajipange. Alimaliza mwaka na wastani wa kupiga .181, yaani hiti 181 kwa kila majaribio 1,000. Mwaka uliofuata .141. Point MIA NA AROBAINI NA MOJA wakuu, kuna warushaji enzi zile wanashika gongo walikuwa wanapiga kuliko hapo!

2023 sawa, hapo nampa haki yake, Aprili alikuwa wa moto kweli na hata mimi nilisema huyu kaamka. Halafu Julai kala straiki tatu za Jhoan Duran wa Minnesota, karudi kwenye benchi kwa hasira kaupiga teke mtungi wa maji, mfupa wa mguu wa kushoto ukavunjika. Mtungi wa maji! Timu inapigania kuingia mtoano wewe unapigana na mtungi.

Sasa ndio nakuja kwenye kinachonichoma. Anthopoulos, bosi wetu wa usajili, aliyaona yote hayo, yapo wazi, hayakufichwa popote. Desemba 2023 akatoa Jackson Kowar na Cole Phillips, sawa, lakini sio hilo tu, ili ampate Kelenic akakubali kubeba na mishahara ya Marco Gonzales na Evan White, watu ambao hata hakuwahitaji, ndani ya siku chache Gonzales kapelekwa Pittsburgh na White kapelekwa Angels. Yaani Seattle walikuwa wanatafuta pa kutua mzigo, sisi tukajitokeza wenyewe na kichwa tukainamisha. Na huyo Kowar mwenyewe tulimpata kwa kumtoa Kyle Wright, mrushaji aliyeshinda mechi 21 mwaka 2022. Fuateni huo mnyororo mpaka mwisho mniambie tumebaki na nini mkononi.

Tumebaki na .231 na homurani 15 msimu wa 2024, tena mwaka ambao nyota wetu wa nje Acuña aliumia goti Mei kwa hiyo nafasi zilikuwepo tele, hakuna aliyembania. Na ndio maana nacheka mnavyosema Anthopoulos "aliona mbali". Aliona mbali wapi wakati Eddie Rosario alimwacha aondoke ili nafasi ya uwanja wa kushoto iwe ya Kelenic, ilipofika Julai akamrudisha huyo huyo Rosario, mwezi huo huo akamfuata na Jorge Soler, Adam Duvall naye alikuwa kesharudi tangu mwanzoni mwa msimu. Mashujaa wetu wa ubingwa wa 2021 wameitwa kuja kuziba shimo! Ukiona unaita wastaafu ujue mpango wako umekufa.

Halafu 2025 ndio kabisa. Mmesahau ile mechi ya Aprili na Minnesota hapo Truist Park? Kapiga mpira mrefu kulia, kasimama anautazama anadhani umetoka, anatembea, mpira umegonga ukuta umerudi, kaanza kukimbia kashachelewa, katolewa (out) beisi ya pili. Mtu anayepiga chini ya .200 unapata wapi kiburi cha kutembea? Na kocha Snitker hakumtoa! Acuña, ambaye mwaka 2019 alitolewa mechini kwa kosa kama hilo hilo, akaandika mtandaoni kwamba ingekuwa yeye angetolewa. Watu wakamshukia Acuña badala ya kuuliza kwanini kuna sheria mbili kwenye timu moja. Mwisho wa mwezi Kelenic yuko .167, akashushwa Gwinnett, timu yetu ya ligi ya chini, na Braves ikamaliza 76 kwa 86, nje ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2017.

Dogo simchukii, alitwishwa sifa akiwa na miaka 18 na kila timu ikawa inalipia zile sifa. Hasira zangu ni kwa waliolipa bei ya 2018 kwa mtu ambaye misimu mitatu ya ligi kuu ilikuwa mezani, wangeisoma tu.

Na wale wa "Seattle ndio walimharibu" naomba mniambie, Seattle hiyo hiyo mbona nyota wao Julio Rodríguez hawakumharibu? Mazoezi yale yale, makocha wale wale.

Anayeona tulipatia aje na hoja na namba. Akija na "ana kipaji" simjibu.