Kidude cha Bamdogo

Kikundi: UKOO WETU
Jumamosi, tarehe 25

Bamdogo Hamisi, 07:12
Asalaam aleikum ukoo. Wenye magari amkeni. IST yangu sasa hivi inanusa mafuta tu, hainywi. Nimechomeka kidude chini ya usukani, 25,000 tu Kariakoo. Gari nyepesi kama bodaboda.
[picha]

Shangazi Tatu, 07:20
Waaleikum salaam. Hamisi, mchango wa kisomo uko wapi?

Bamdogo Hamisi, 07:21
Unakuja dada. Kidude ndicho kitaleta hela ya mchango 😄

Idi Fundi, 07:34
Shikamooni wakubwa. Bamdogo, hicho kina vitaa vitatu na kitufe kimoja cha kubonyeza?

Bamdogo Hamisi, 07:35
Marahaba. Hicho hicho. Unakijua eeh?

Idi Fundi, 07:38
Nakijua. Cha mteja mmoja nilikifungua kwa bisibisi pale gereji. Ndani kuna taa, kitufe, chipu moja ndogo ya kuziwasha hizo taa, basi. Ile chipu ya kuongea na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, haimo kabisa. Ni kama mtu umempa simu isiyo na laini halafu unangoja apige.

Bamdogo Hamisi, 07:40
Sasa mbona taa zinacheza?

Idi Fundi, 07:43
Ile tundu ni ya kupimia gari, ndiyo tunachomeka skana. Ina matundu 16. Namba 16 ni moto wa betri wa moja kwa moja, hata ufunguo ukiwa mfukoni kwako. Taa yoyote ukiipeleka pale itawaka. Hata ya mti wa Krismasi.

Mama Zuu, 07:44
😂😂😂

Idi Fundi, 07:45
Na kwa sababu moto haukatiki, gari ikilala wiki tatu bila kuwashwa, kwenye betri iliyochoka nacho kinachangia.

Bamdogo Hamisi, 07:51
Idi mwanangu, wewe ni fundi, sikubishii. Lakini mimi ndiye ninayelipa sheli. Karatasi yake ilisema nibonyeze kitufe kidogo, halafu niendeshe kilomita 200 ili kiijue gari. Nimefuata. Na matokeo nimeyaona.

Zuhura, 07:53
Shikamoo Bamdogo. Umeyaonaje? Kwa mshale wa mafuta au umepima?

Bamdogo Hamisi, 07:54
Marahaba mhasibu. Nimepima! Tangu nikichomeke tarehe 5 najaza fulu, naandika kilomita nyuma ya risiti. Sitaki maneno ya watu.

Zuhura, 07:54
Hapo umenifurahisha. Tuma risiti.

Bamdogo Hamisi, 08:02
[picha] [picha]

Mjomba Rashidi, 08:05
Wakati mnahesabu, na mimi niulize. Huku Morogoro kuna kijana anauza boksi la Hilux ya dizeli, anasema nguvu zinapanda. Nayo ni taa tupu?

Idi Fundi, 08:11
Shikamoo Mjomba. Hilo ni jambo jingine, hilo linafanya kazi kweli, na ndiyo shida yake. Linakaa kati ya sensa ya presha ya dizeli na kontroboksi. Linaidanganya kontroboksi kwamba presha iko chini, basi kontroboksi inaongeza. Dizeli nyingi zaidi inaingia, turbo ipo, nguvu utaisikia mlimani. Lakini la bei rahisi linadanganya vilevile muda wote, kwenye tambarare, kwenye mzigo, injini ikiwa ya baridi au ya moto. Utaona moshi mweusi nyuma. Na hiyo yako ni injini ya 1KD, nozeli zake za kupulizia dizeli unazijua mwenyewe.

Mjomba Rashidi, 08:12
Usinikumbushe nozeli. Nne niliziuzia mbuzi.

Idi Fundi, 08:14
Basi. Anayetaka nguvu kwenye dizeli ya turbo atafute mtu wa kuiandika upya programu ya kontroboksi, anayepima gari kabla na baada. Kwenye injini ndogo isiyo na turbo kama ya Bamdogo hata huyo hatakupa kitu cha kujisifia.

Mama Zuu, 08:16
Na kile kiwaya wanachofunga kwenye sensa ya hewa? Kuna jirani kafunga kwenye Noah.

Idi Fundi, 08:21
Hicho ni rezista, kitu cha mia tano. Kinaiambia kontroboksi hewa inayoingia ni ya baridi, kama uko Makete. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo inaongeza petroli. Halafu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inanusa moshi, inaona petroli imezidi, inaamuru ipunguzwe. Gari inatafuta hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito, na itarudi hapo hapo. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho ndipo haisikilizi sana ile sensa, na hapo unakunywa zaidi. Mtu kanunua kuokoa mafuta, kafunga cha kuongezea.

Zuhura, 08:30
Nimemaliza. Bamdogo, kabla ya kidude ulikuwa unapata ngapi?

Bamdogo Hamisi, 08:31
Kama 12 kwa lita.

Zuhura, 08:33
Sawa. Tarehe 5 mpaka 13: kilomita 348, lita 28.5. Ni 12.2.
Tarehe 13 mpaka 24: kilomita 409, lita 29. Ni 14.1.

Bamdogo Hamisi, 08:33
MNAONA??? 14! Kilikuwa kinajifunza, kikaijua gari. Idi kimya sasa 😄😄

Idi Fundi, 08:36
Sikatai 14. Lakini Bamdogo, shule zimefungwa, Kilwa Road asubuhi unateleza tu. Na ile Jumapili ya harusi ya Mbagala si nilikujazia upepo? Tairi za nyuma zilikuwa 22, nikazifikisha 32. Gari ilikuwa inavuta tairi kama mtu anayetembea kwenye mchanga na ndala.

Zuhura, 08:38
Halafu mtu akishajua anapimwa mguu wenyewe unakuwa mwepesi. Marekani ile mamlaka yao ya mazingira, EPA, imekagua vifaa zaidi ya 100 vya namna hii, haikupata hata kimoja chenye nafuu ya maana.

Bamdogo Hamisi, 08:40
Marekani hawana foleni ya Mbagala. Idi, nakuletea sasa hivi ukifungue mbele yangu. Nakwenda kukichomoa.

Shangazi Tatu, 08:41
Na mchango uje nao.

Bamdogo Hamisi, 08:52
Jamani. Nani kaingia kwenye gari? Kidude hakipo!!

Mama Jabir, 08:55
Baba Jabir, kile kidude cha taa taa? Mbona kimo kwenye mfuko wa mlango, na ile risiti ya keki.

Bamdogo Hamisi, 08:55
Kimefikaje huko

Mama Jabir, 08:57
Nilikitoa mimi siku ya harusi wakati narudi na akina mama. Kilikuwa kinanigonga goti kila nikikanyaga breki, na usiku kinamulika kama disko. Nikasema nitakwambia, nikapitiwa.

Mama Zuu, 08:57
Mungu wangu 😂😂😂😂

Zuhura, 08:59
Harusi ilikuwa tarehe 12. Risiti ya 14.1 imeanza tarehe 13 asubuhi.

Idi Fundi, 09:00
Mimi sijasema kitu.

Mjomba Rashidi, 09:01
Kumbe kinafanya kazi kikiwa kwenye mfuko wa mlango! Hamisi ninunulie na mimi.

Bamdogo Hamisi, 09:14
Haya. Idi, muuzaji wa Kariakoo anarudisha hela?

Idi Fundi, 09:15
Yule wa meza ya mwavuli? Kama utamkuta. Lakini 25,000 si kubwa Bamdogo.

Bamdogo Hamisi, 09:16
Ni 50,000. Nilichukua viwili.

Zuhura, 09:16
Cha pili cha nani?

Bamdogo Hamisi, 09:19
Cha gari ya Shangazi, ile Raum. Nilitaka kumshtukiza.

Shangazi Tatu, 09:20
Kwa hela ipi Hamisi?

Shangazi Tatu, 09:26
Hamisi.

Shangazi Tatu, 09:26
Nakuona uko hewani.