Tupeane uzoefu: umewahi kupewa mada ya kuchora ambayo hukuichagua?

Mwanzisha mada, Dar
Habari zenu wadau. Mimi nachora picha za mtindo wa Tingatinga. Nimezoea kujichagulia mwenyewe: tausi, chui, mbuyu, rangi ya kung'aa juu ya hadibodi, kazi aliyoianzisha mzee Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Mwaka jana zahanati moja ikanipa ukuta wa mahali pa kusubiria na neno moja tu: malaria.

Nikachora mbu mkubwa kuliko mtu. Mtindo wetu unapenda madoa, kwa hiyo nikamjaza madoa meupe miguu yote. Nesi mmoja, mama mtu mzima, akasimama akamtazama sana. "Mwanangu, huyo siye. Mwenye madoa miguuni ndiye wa dengi, anauma mchana. Wa malaria anakuja usiku, na akitua anabinua mkia juu."

Kazi ya siku mbili nikaipaka nyeupe. Nikamchora upya, mkia juu, yuko nje ya chandarua, ndani mama na mtoto wamelala. Siku hizi akina mama wakiwa foleni wanawaonyesha watoto: "Unaona anavyokaa?" Ule mkia nisingeubuni hata ningepewa mwaka mzima.

Nanyi wenzangu, mlifanyaje?

Mchangiaji, Nairobi
Mimi ni wa matatu. Mwenye gari alitaka sura ya marehemu mamake ubavuni, na alikuwa na picha moja tu, ya kitambulisho. Nikapiga sprei siku tatu, sura ikatoka vizuri kabisa. Kumbe gari lilikuwa limefungwa muda wote huo. Makanga alipofungua mlango, mama akakatika katikati ya macho. Mwenye gari hakusema neno, aliinamisha kichwa tu. Nilimhamishia mama upande wa dereva, pale katikati pasipo na mlango, na sikuongeza bei. Sasa kabla ya kushika rangi nafungua kila kinachofunguka.

Mchangiaji, Unguja
Assalam alaykum. Nasanifu kanga. Familia moja ilitaka sare ya harusi, picha ya bi harusi iwe kwenye mji, yaani pale katikati ya kanga. Bibi yake akauliza, "Tukishajifunga, mji unakaa wapi? Tumkalie mtoto wetu?" Picha ikaishia hapo. Niliweka asmini. Jina, yaani ule msemo wa kanga, walichagua wao, ila niliwaomba walifupishe mara tatu ndipo likaenea.

Mwanzisha mada, Dar
Bibi amesema kweli! Kuna aliyewahi kukataa mada?

Mchangiaji, Mtwara
Mimi. Mteja alitaka tai aliyekunjua mbawa, kwa gogo moja la mpingo. Mpingo haunenepi kiasi hicho, na ukiunga kwa gundi kiungo kitaonekana tu. Nikamwambia nitamchonga ametua, mbawa amezikunja. Hakutaka, akaenda kwa mwingine. Gogo bado ninalo.