Mikwaruzo kwenye mfuniko wa laptop, inatokaje?

MtuWaUyole: Wakuu, laptop yangu imesafiri toka Uyole hadi Tukuyu chini ya gunia la viazi. Mfuniko ni plastiki nyeusi isiyong'aa, sasa una mistari myeupe kila upande. Jamaa hapa ananiambia nipake dawa ya meno. Ni kweli?

FundiKabwe: Pitisha ukucha kwanza mkuu. Usipokwama, mkwaruzo uko juu juu: futa vumbi lote, kisha jaribu polishi ya plastiki kwenye kona isiyoonekana. Ukikwama, huo hautoki. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, plastiki ya namna hiyo itabaki na doa linalong'aa, na hilo ndilo kila mtu ataliona. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha usiisogeze kabisa, inayeyusha plastiki.

MamaDuka: Ya mwanangu ni aluminiamu ya kijivu. Tusugue?

FundiKabwe: Hapana mama. Rangi ile imo kwenye oksidi, tabaka jembamba lililo juu ya aluminiamu, ukilisugua linalika.

MtuWaUyole: Ukucha umekwama. Basi stika, kesho nashuka sokoni Mwanjelwa.

FundiKabwe: Poa. Matundu ya hewa usiyazibe.