Wakuu mlioko Ohio, Marekani: shule inalia haina hela, uwanja mpya wa nyasi bandia umetoka wapi?

Mama_Wawili
Habari zenu wote. Nakaa kitongoji kimoja pembeni ya Columbus, distrikti (eneo la shule) siitaji maana humu tunajuana, wanangu wako shule ya msingi ya serikali. Mwaka huu wamepunguza mabasi, mwalimu wa muziki hayupo tena, na walimu wa watoto wanaojifunza Kiingereza wamebaki wa kuhesabu, barua ikasema bajeti haitoshi. Sasa ukipita pale sekondari unakuta uwanja wa mpira umewekwa nyasi bandia na mataa usiku kunawaka kama mchana, halafu hao hao wanatujazia vikaratasi kwenye sanduku la barua tupige ndiyo kwa levi mpya Novemba, ile kodi ya nyumba ya shule inayopigiwa kura. Kodi ya nyumba imepanda, benki wameshaongeza malipo ya mogeji (mkopo wa nyumba) kwa ajili hiyo hiyo. Naomba mnieleweshe jamani, hela inapita wapi na nani anaamua? Mume wangu ameshasema hapigi ndiyo ng'o.

Mhasibu_wa_Kitaa
Dada, cha kwanza, hela za shule hapa haziko kwenye mfuko mmoja, na sheria inakataza kuzichanganya. Kuna levi ya uendeshaji, hiyo ndo inalipa mishahara, mafuta ya mabasi, umeme. Kuna bondi, huo ni mkopo wa majengo ambao wananchi waliupigia kura na tunaulipa kidogo kidogo kwenye kodi ya nyumba. Na kuna levi ya matengenezo ya kudumu, hiyo inanunua kitu cha kukaa miaka 5 au zaidi tu: paa, basi lenyewe, bomba, na ndiyo, nyasi bandia. Ni kama mfuko wa msiba wa jumuiya yetu, hata kama umejaa huwezi kuutoa ukalipia ukumbi wa harusi. Kwa hiyo uwanja unaweza ukajengwa mwaka ule ule walimu wanapunguzwa na hakuna aliyeiba.

Pili, kodi kupanda haina maana shule imepata zaidi, hapa wengi wanachanganyikiwa. Kuna sheria ya mwaka 1976, House Bill 920, inasema thamani ya nyumba ikipanda levi nyingi za zamani zinashushwa kiwango ili zikusanye dola zile zile za siku zilipopitishwa. Mishahara inapanda, bima inapanda, levi imesimama palepale, ndo maana kila baada ya miaka michache wanarudi na vikaratasi. Ila sio distrikti zote, zikishagusa sakafu ya mili 20 (mili ni kipimo cha kodi, hesabu yake iko chini) kiwango hakishuki tena na hapo kweli tathmini mpya ya nyumba inaweza kuwaingizia hela. Uliza yenu iko upande gani.

Hesabu fanya mwenyewe: nyumba ya dola 300,000 inatozwa kwenye asilimia 35 tu, yaani 105,000. Mili moja ni dola 1 kwa kila 1,000, kwa hiyo dola 105 kwa mwaka. Levi ya mili 6 ni 630.

Njoro_to_Dayton
Mhasibu umeeleza poa lakini usimfanye mama aone bodi ya shule haikuwa na la kuchagua. Mfuko wa matengenezo unaweza kununua paa la shule ya msingi ama nyasi za uwanja, ni nani alisema nyasi zitangulie? Ni bodi. Wale ni watu tunawachagua, kwingi ni watano, kura yao huwa Novemba ya miaka isiyogawanyika kwa mbili na hiyo siku wengi wetu huwa tumelala. Pia kuna pesa za Korona kutoka Washington, hizo zilikuwa na mwisho Septemba 2024, distrikti zingine zikaandika nazo wafanyikazi wa kudumu, ikiisha unaambiwa bajeti haitoshi. Huo si umaskini, ni mipango mibovu.

Na shule hazijakosea kwa kulia. Mahakama Kuu ya Ohio ilisema 1997 kwenye kesi ya DeRolph kwamba mfumo wa kutegemea kodi za nyumba namna hii unavunja katiba ya jimbo, ikarudia 2000, ikarudia 2002, na bado tunalipa kwa nyumba. Kitongoji chenye nyumba za bei na maduka makubwa, mili moja inaleta hela ya maana, mashambani kule mili hiyo hiyo inaleta vumbi.

Mwl_Kibaigwa
Mnanichekesha nyie mnaogombania nyasi 😂 Huku Tanzania ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kiwango hicho ni cha enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), 2002, dola ilikuwa haijafika hata shilingi elfu moja vizuri. Ila hilo la hela kuganda wakati bei zinapanda naona tunafanana kabisa.

Mama_Wawili
Asanteni mno, Mhasibu na kaka wa Dayton. Kumbe kile kikaratasi kinasema "uendeshaji", mi nilikuwa nasoma mili tu. Sasa mimi bado nina grini kadi, mume ndo raia. Nikienda kwenye kikao cha bodi naruhusiwa kusema?

Mhasibu_wa_Kitaa
Kusema ruksa, we mzazi na unalipa kodi. Kura hapana, na usije ukajiandikisha kupiga kura hata mtu wa meza ya uandikishaji akikwambia haina shida, uraia utakuja kukukwama. Angalia kwenye tovuti yao muda wa wananchi kuongea, kwingine unaandikisha jina la kuongea mapema na unapewa dakika chache tu, kwa hiyo usianze na salamu ndefu za kwetu. Muulize mweka hazina, sio supaintendenti (mkuu wa distrikti), maana kwa Ohio mweka hazina anaripoti kwa bodi moja kwa moja: uwanja umetoka mfuko gani, na makadirio ya miaka ijayo yanaonyesha nini levi ikipita na isipopita. Yale makadirio ni ya wazi, wanalazimika kuyapeleka jimboni. Kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani kabla ya siku yenyewe, ukiomba mlangoni hupati.

Njoro_to_Dayton
Na umbebe mzee wa nyumba, yeye ndiye mwenye kura.