Elder Scrolls VI ikiwa kweli ni Hammerfell: tutapewa bahari, au mchanga mtupu?

MwanaWaNahodha

Wakuu, habari zenu. Swali lenyewe liko chini, mwenye haraka ashuke moja kwa moja.

Jana usiku nimeitazama tena ile trela ya Juni 2018 ya Elder Scrolls VI, gemu ya Bethesda itakayofuata baada ya Skyrim. Sekunde 36: milima ya mawe, ukungu, kamera inateremka kuelekea pwani, jina la gemu, kwisha. Hizo sekunde 36 tumezitafuna mpaka tumefika kwenye mifupa. Kuna waliopima vivuli vya mawe. Kuna walioikuza ile picha ya salamu za mwaka mpya wa 2021, yenye ramani ya Skyrim na mishumaa, wakabishana wiki nzima mshumaa umekaa juu ya nini. Wengi tumeangukia Hammerfell, nchi ya watu waitwao Redguard, magharibi ya Tamriel, bara la gemu hizi. Bethesda wenyewe hawajatamka jina. Machi 2024, mfululizo ulipotimiza miaka 30, walisema tu kwamba huko ndani wanacheza matoleo ya mwanzo. Wanayachezea nchi gani? Kimya.

Mimi Hammerfell naitaka, tena sana. Mhusika wangu wa kwanza Skyrim alikuwa Redguard, nikampa ndevu za mjomba wangu. Hofu yangu ni namna watakavyoijenga.

Nieleze nilikotoka kidogo. Nimekulia Tanga. Baba alikuwa nahodha wa jahazi, Tanga na Wete, Wete na Tanga. Kwenda alibeba mbao na vitunguu. Kurudi alibeba alichobeba, hayo tuyaache. Likizo za shule mimi ndiye nilikuwa mfua maji. Unashuka ngamani na kopo la samli, giza, maji yananuka mafuta ya papa na mbao mbichi, unachota unamwaga, unachota unamwaga. Ukizembea robo saa Baba anajua bila kuchungulia, maana jahazi linakuwa zito mkononi mwake pale kwenye usukani. Anaita jina langu mara moja tu. Hakuwa na haja ya mara ya pili.

Sasa nenda gati la mji wa Solitude kwenye Skyrim. Kuna meli inaitwa Red Wave, nahodha wake Safia, Redguard. Matanga yamefungwa, kamba zimekaza, na meli haijasogea hata futi moja tangu Novemba 2011. Ukitaka kwenda kisiwa cha Solstheim unateremka bandari ya Windhelm, unampa nahodha Gjalund dhahabu 250, kioo kinakuwa cheusi, umefika. Siku nilipovuka hivyo Baba alikuwa amekaa nyuma yangu anakunywa kahawa. Akaniuliza, "Ulilala njiani?"

Na hawa Redguard ndio watu wa bahari kuliko wote mle ndani! Nchi yao ya asili, Yokuda, ilizama. Walivuka na merikebu zao wakashukia pwani ya Hammerfell, wakaipigania. Hata gemu iliyobeba jina lao, Redguard ya 1998, shujaa wake Cyrus ni mtu wa majini na kisa chote kiko kisiwani Stros M'Kai. Halafu leo uwaweke jangwani na mapanga yaliyopinda, bahari iwe ukuta wa bluu wa kukuambia ramani imeishia hapa?

Msiniambie naogopa kivuli. Kijitabu kilichokuja na hiyo Redguard ya 1998 kiliieleza nchi ya Cyrodiil kuwa ni msitu mnene wa nchi za joto. Tukasubiri. Mwaka 2006 Oblivion, gemu ya nchi hiyo, ikafunguka: majani mafupi ya kijani, vilima laini, miti kama ya kalenda za Ulaya. Gemu nzuri, nimeicheza mpaka CD ikakwaruzika, lakini nchi tuliyoahidiwa haikuwa ile. Morrowind ya 2002 ndiyo iliyothubutu, uyoga mrefu kama minazi na mdudu mkubwa wa kupanda kama basi.

Haya, swali: nyie mnatamani nini kwenye Hammerfell, na mnaogopa nini? Na bahari, mnataka iwe na kazi au ni mimi tu?

Kobe_wa_Kinondoni

Mkuu, ni wewe tu. Natania. Lakini hofu yangu mimi ni ukubwa.

Watu wanasahau kwamba Hammerfell tulishapewa. Daggerfall, gemu ya mfululizo huuhuu, 1996. Ghuba ya Iliac yote: upande huu nchi ya High Rock, upande huu Hammerfell na mji wake wa Sentinel. Walijivunia maeneo zaidi ya 15,000, ya kutembelea kabisa, sio ya kuchorwa tu. Nimelicheza (lipo bure tangu 2009, hakuna kisingizio). Kijiji cha kwanza unafurahi. Cha tano unaona nyumba uliyoiona cha pili. Cha ishirini hata jina husomi. Kompyuta ndiyo iliyopanga, mtu hakukanyaga.

Starfield ya 2023, gemu ya anga ya Bethesda haohao, ikaturudisha kulekule, sayari zaidi ya 1,000. Mimi nilitua sayari ya baridi, nikatembea dakika kumi kwenye changarawe, nikakuta kituo cha utafiti. Nikaruka mfumo mwingine wa nyota, nikakuta kituo kilekile, meza ileile, maiti amelala mkao uleule na karatasi yake ubavuni. Nilizima nikaenda kununua chipsi.

Kwa hiyo jangwa la Alik'r linanitisha kwa sababu hiyo. Jangwa ni kisingizio kizuri mno cha uvivu. "Ni jangwa, lazima liwe tupu." Wanipe eneo dogo, hata nusu ya Skyrim, lakini kila kisima kiwe na mwenyewe na ugomvi wake.

Halafu kuhusu meli yako: Daggerfall meli zilikuwepo. Zinauzwa benki. Unaingia, unachagua ndogo au kubwa, unalipa, nauli za majini zinapungua. Unaweza kuipanda na kusimama juu yake. Kwenda haiendi.

BintiMalindi

Kaka MwanaWaNahodha, umenichekesha na hilo kopo la samli. Ila mimi sitaki bahari yako, nataka makaburi.

Nieleze. Mimi nilikaa miezi mingi kwenye Elder Scrolls Online, na sehemu iliyonishika ni Alik'r. Kuna watu huko wanaitwa Ash'abah. Redguard wanawaheshimu wafu wao kiasi kwamba kumpiga maiti ni najisi, hata huyo maiti akiwa amefufuliwa na mchawi na anakuja kukukata shingo. Sasa nani atalinda mji? Ash'abah. Wao wanaifanya kazi hiyo, na kwa kuifanya wanakuwa najisi, hawakaribishwi mjini waliouokoa. Unazungumza nao nje, kwenye mahema yao, hakuna hata anayelalamika. Hilo ndilo nalitaka: nchi ambayo sheria yake inakubana wewe mchezaji. Nikiingia pangoni nikakata mifupa inayotembea kama ninavyofanya Skyrim kila siku, nitoke nikute muuza maji hanitazami usoni.

Hofu yangu nayo iko hapohapo. Naogopa kilemba na ngamia na mwanamke wa kucheza dansi, mtu mbaya ana lafudhi, mtu mzuri hana. Skyrim ilitupa kionjo kwa Saadia, yule mhudumu wa Bannered Mare pale Whiterun. Wanaume wa Alik'r wanamtafuta. Yeye anasema wanamwinda kwa sababu alisema vibaya juu ya Aldmeri Dominion, utawala wa Elf. Kematu, kiongozi wa wanaume hao, anasema Saadia ndiye aliyeuza mji wa Taneth kwa hao Dominion. Gemu haikuambii nani mkweli. Kisa kizuri sana, nakubali. Lakini angalieni sura waliyopewa: wanaume wenye vilemba wanasimamisha wanawake barabarani. Kila Redguard wa jangwani tuliyekutana naye kule ni huyo.

Na kuna siasa nzito ya kuchezea kama wanataka. Hammerfell ndiyo nchi iliyokataa mkataba wa Mfalme Mkuu na Dominion, ikatolewa nje ya Dola, ikapigana peke yake miaka mitano, adui akaondoka. Crowns wanaotaka mila za Yokuda na Forebears wanaokaa na wageni waliungana kwa ajili ya vita hivyo. Vita vimekwisha. Sasa? Wanatazamanaje? Mimi ningeanzia hapo, kwenye harusi ya watoto wa pande mbili, kabla hata joka halijatajwa. (Naomba lisitajwe joka.)

Kobe nakuunga mkono kwenye udogo. Pwani ya Sentinel na nchi ya nyuma yake inatosha.

Fundi_Gemu_Arusha

Nyie mnaongelea harusi, mimi nina kibanda cha gemu. PS4 tatu, TV tatu, jenereta moja. Watoto wanataka mpira tu, kila nikiweka kitu kingine wanauliza "hii wanacheza wawili?"

Hofu yangu ni mbili. Moja, Microsoft waliinunua kampuni mama ya Bethesda kwa dola bilioni 7.5, dili likafungwa 2021, na Starfield ilipotoka ilikuwa Xbox na PC. Sisi wa PlayStation tukasoma habari zake kama habari za msiba wa jirani. Mbili, Oblivion ile iliyotengenezwa upya Aprili 2025 imezidi gigabaiti 100. Niliishusha usiku tatu kwenye laptopu ya shemeji, bando la usiku, alarmu saa sita. Ikafunguka. Picha zinakwenda moja moja kama slaidi. Farasi anainua mguu, unakunywa chai, anaushusha.

Hammerfell iwe jangwa tupu kama Kobe anavyoogopa, mimi naomba. Mchanga haulemei mashine.

MwanaWaNahodha

Fundi, pole kwa farasi.

BintiMalindi, umenishinda kwenye Ash'abah, hilo sina jibu, na naiba wazo la harusi. Ila bahari siiachi. Labda nilieleza vibaya. Siombi gemu la kuendesha meli. Sitaki kushika usukani saa nzima, nimeshashika wa kweli na mikono bado ina alama. Kutia joshi kwenye upepo mkali ukiwa na miaka kumi na mbili hakuna starehe yoyote.

Ninachotaka ni pepo. Anayekaa pwani anajua mji una nyuso mbili. Kaskazi ikivuma bandari ina wageni wake, kusi ikiingia hao wameondoka na bei zimebadilika, chumba kilichokuwa cha kupanga kwa siku sasa kinapangwa kwa miezi. Morrowind, Oblivion, Skyrim, zote zina tarehe na majina ya miezi, lakini mwezi ukibadilika hakuna kinachobadilika. Theluji ya Winterhold ni ileile mwaka mzima. Fanya jambo moja tu: Sentinel gati lijae miezi minne, kisha litupu. Ukimtafuta mfanyabiashara fulani mwenye kazi yako uambiwe keshavuka, subiri pepo zigeuke au umfuate kwa nchi kavu, kupitia Alik'r. Hapo jangwa na bahari vinakuwa kitu kimoja, na Kobe anapata sababu ya kila kisima kuwa na mwenyewe, maana watu wote waliokosa meli wanapita hapo.

Kuhusu wanaume wenye vilemba, dada, uko sahihi, na nadhani dawa yake ni hiyohiyo. Bandari ina kila aina ya mtu. Ukiwajenga mabaharia, mawakala, wapagazi, wapika pweza na mama anayewadai wote, utashindwa kumfanya kila Redguard awe mtu wa panga barabarani. Utaishiwa mapanga.

Kobe, ile habari yako ya meli ya benki nimemsomea Baba asubuhi. Ana miaka sabini na tatu, macho hayaoni vizuri lakini masikio ni ya papa. Nikamwambia, Baba, unaingia benki, unalipa, unapewa meli, unaweza kupanda na kusimama juu, ila haiondoki. Akafikiri. Akauliza ina ngama? Nikasema sijui. Inaingiza maji? Nikasema hapana. Akanyanyua kikombe.

"Basi hiyo umeuziwa nyumba."

Fundi_Gemu_Arusha

Gigabaiti ngapi hiyo nyumba?