Nimepata namba tasa kubwa kuliko zote, nianzie wapi kuitangaza?

Mtafutaji: Wakuu, nisaidieni, hata usingizi sipati. Nina namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 42. Rekodi iliyopo, ya Luke Durant, Oktoba 2024, ina 41,024,320. Nimeipima, ni tasa. Nimpelekee nani bila kuibiwa?

Pangu Pakavu: Hongera mkuu. Hela ikiingia usitusahau.

Mama Wawili: Kwanza lala. Mume wangu alishikwa na kutafuta namba kamilifu ya witiri, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake ukiiacha yenyewe. Hakuna aliyewahi kuiona wala aliyethibitisha kwamba haipo. Ukimsemesha, anajibu "subiri nimalize mstari huu". Mpaka leo hajamaliza.

Mwalimu Mstaafu: Vijana mnapenda sifa. Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha kwamba 2,147,483,647 ni tasa mwaka 1772, bila kompyuta.

Kigawo: Mleta mada, ina umbo gani, na umeipima vipi?

Mtafutaji: Kwa kompyuta. Umbo nitasema baadaye.

Kigawo: Basi na ushauri utakuja baadaye.

Mtafutaji: Haya. Ni 2 kwa kipeo p, toa 1. p yenyewe ni tasa. Nimetumia kipimo cha Fermat kwa msingi wa 2: unachukua 2 kwa kipeo cha namba yako toa 1, unagawa kwa namba yako, baki iwe 1. Ikapita.

Kigawo: Kumbe ndicho ulichokuwa unaficha! Namba za umbo hilo zote zinapita hapo, ziwe tasa zisiwe. Chukua p = 11, unapata 2,047. 2 kwa kipeo 11 ni 2,048. Gawa kwa 2,047, inabaki 1. Na 2,047 toa 1 ni 2,046, yaani 11 × 186, kwa hiyo 2 kwa kipeo 2,046 nayo inabakiza 1. Imepita! Ila 2,047 ni 23 × 89. Tumia kipimo cha Lucas-Lehmer: anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba yako uchukue baki, rudia mara p − 2. Ikiishia 0, hapo sawa.

Mtafutaji: Hiyo itachukua muda, na barua ya kuacha kazi nimeshapeleka. Isitoshe vigawo vidogo nimevijaribu, hakuna hata kimoja.

Pangu Pakavu: Umeacha kazi?? Zawadi ya dola 150,000 ya Electronic Frontier Foundation, lile shirika la haki za mtandaoni, ni ya namba tasa ya tarakimu milioni 100, mkuu.

Kigawo: Kukosa vigawo vidogo si hoja. 2 kwa kipeo 67 toa 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287, aliipasua mwanahisabati Cole mwaka 1903. Hebu tuambie, yako inaishia na tarakimu gani?

Mtafutaji: 3.

Kigawo: Chai hii! 2 kwa kipeo cha witiri huishia na 2 au 8. Toa 1, unabaki na 1 au 7. Ya kuishia na 3 ni p = 2 tu, nayo ni 3 yenyewe.

Mtafutaji: Nimeibadilisha makusudi msije mkaikisia.

Mwalimu Mstaafu: Nilijua tangu mwanzo.

Mama Wawili: Jamani, na kama barua kapeleka kweli?

Pangu Pakavu: Barua nayo inaishia na 3.