Tupeane uzoefu: donge la titi ambalo si saratani

Mkunga_Langoni
Kuna sauti inazunguka kwenye simu za kina mama hapa Amu, eti donge la ziwa likandwe kwa chupa ya maji moto na kuchuliwa kwa habasoda mpaka liyeyuke. Haliyeyuki. Sehemu kubwa ya titi ni mafuta. Mafuta yakipondwa, seli zake hupasuka, mafuta humwagika ndani kwa ndani, na mwili huyajengea ukuta. Ukuta huo ndio donge jipya. Aliyeingia na moja ametoka na mawili. Wanaoijua kazi hii waandike. Ya "shangazi yangu aliambiwa" yana uzi wake.

Bint_Mkomani
Umenena dada. Na chuku juu ya titi iongeze hapo hapo.

Picha_Malindi
Umri kwanza. Msichana wa miaka 15 hadi 35, donge laini kingoni, kama mpira, linakimbia ukilibonyeza: mara nyingi faibroadenoma, uvimbe wa tezi na nyuzi usio saratani, sentimita 1 hadi 3. Mama wa miaka 35 hadi 50, donge linalovimba na kuuma hedhi ikikaribia: hapo nafikiria kifuko cha maji. Kwenye altrasaundi huwa cheusi tupu, ukuta mwembamba, nyuma yake pameng'aa. Kikisumbua hunyonywa kwa sindano. Maji ya manjano au ya kijani hayana neno. Yenye damu yaende maabara. Anayenyonyesha anaweza kuwa na kifuko cha maziwa, au jipu kama kuna homa na wekundu. Asiache kunyonyesha, maziwa yakilala ndani ndiyo yanayoharibu.

Sasa mafuta yaliyokufa, yale yaliyopondwa, hayo ndiyo malaghai. Donge gumu, kingo hazieleweki, ngozi huvutwa ikaingia kishimo, chuchu nayo huweza kugeuka. Kwa mkono huwezi kulitenga na saratani, usijidanganye. Mamogramu, eksirei ya titi, ikionyesha mpira mweusi wenye ukingo mweupe kama ganda la yai, tumepumua. La sivyo, sindano ya kukata kipande.

Ombi kwa wanaoandika barua za rufaa: "donge titi la kushoto" haitoshi. Lichukulieni titi kama uso wa saa, andikeni donge liko saa ngapi, na sentimita ngapi kutoka kwenye chuchu.

Mkunga_Langoni
Saa ya nani?

Picha_Malindi
Ya ukutani, bibiye. Namba iliyoandikwa.

Mkunga_Langoni
Unaijua wewe. Mama akiona mshale kwenye 2 anasema saa nane, na karani anaandika 8. Kwenye titi la kushoto, 2 ni juu kuelekea kwapani, 8 ni chini kuelekea katikati ya kifua. Unapiga picha upande wa pili kabisa, unaandika "hakuna kitu", mama anarudi nyumbani na donge lake.

Picha_Malindi
Hilo ni kosa la karani.

Bint_Mkomani
Ni kosa la nyote wawili. Choreni duara, tieni nukta, andikeni KWAPA upande wa kwapa. Basi.

Nesi_Barani
Mkimaliza saa, kuna hili. Mama kiti cha mbele, gari likafunga breki ghafla, mkanda ukamkaza. Michubuko ya mshazari, ikapona, ikasahaulika. Miezi mitano baadaye donge, na ngozi imeingia kishimo. Nyumbani wameshaanza kulia, mume ameshatafuta mnunuzi wa mashua. Kipande kikakatwa, lakini fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, ilikuwa imekwisha, wakakitia kwenye maji ya chumvi. Kikavuka kwa boti hadi Mokowe, kikalala ndani ya basi. Kufika maabara, kimeoza. Akachomwa mara ya pili. Majibu: mafuta yaliyokufa. Ukiunganisha donge na bega, unaupata mstari wa mkanda.

Yakhe_Shela
Subhanallah. Na mashua?

Nesi_Barani
Haikuuzwa.

Bint_Mkomani
Titi la kushoto bila shaka? Abiria wa mbele huku kwetu mkanda humshukia bega la kushoto, dereva la kulia. Swali hilo liulizwe kila mara, maana wengi hawakumbuki pigo lolote mpaka uwatajie gari, punda au mtoto aliyewapiga kichwa.

Yakhe_Shela
Basi tusifunge mikanda 😂

Nesi_Barani
Donge hilo haliui na halizai saratani. Kioo cha mbele kinaua.

Maabara_Pwani
Mnacheka, na kipande kimeoza. Fomalini ya dumu ni kali, asilimia 37 hadi 40. Sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, bora yaliyotiwa chumvi za bafa, za kuzuia asidi. Dawa iwe mara 10 ya wingi wa nyama. Isikae chini ya saa 6 wala kupita saa 72, na saa ya kukata iandikwe. Jina libandikwe kwenye mwili wa chupa, si kifunikoni. Vifuniko hubadilishana mezani. Spiriti hapana.

Yakhe_Shela
Si litolewe lote tu, wasiwasi uishe?

Mkunga_Langoni
Naam, litolewe.

Picha_Malindi
Hapana! Kisu nacho ni pigo, huweza kuua mafuta mengine. Mkono, picha na maabara vikikubaliana, liachwe, picha irudiwe baada ya miezi 6. Kimoja kikipinga, achomwe tena, hata kama karatasi inasema salama. Faibroadenoma inayokua, hiyo sawa, itolewe.

Mkunga_Langoni
Haya, nimekubali hilo. La saa sijakubali. Nina mmoja wa kukuletea kesho.

Picha_Malindi
Mlete saa mbili.

Mkunga_Langoni
Yangu au ya ukutani?